Nyika Iko Wapi?

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya bara, akiisha kuzipita Mazeras na Mariakani, minazi ikiisha kubaki nyuma yake na miti ya miiba ikianza kumkabili kulia na kushoto, hufika Samburu. Nami naitaja kwa makusudi Samburu yetu ya Kwale, kituo cha reli tangu zama za reli ya Uganda iliyoanza kujengwa mwaka 1896, wala si Samburu ile ya kaskazini ambayo kwa umaarufu wake imeifunika hii ya kwetu, hata mtu akilitaja jina hilo Nairobi huulizwa habari za moran na ndovu, ilhali yeye alikuwa akisema habari za Waduruma, mbuzi, mahindi, na mvua isiyoshika ahadi.

Huko nilikaa siku moja adhuhuri, chini ya mti, pamoja na mzee mmoja wa Kiduruma aliyenikaribisha chakula. Mbele yetu palikuwa na sahani ya sima, ambayo yeye huiita wari, na kibakuli cha mutsunga, mboga ile ichungu ambayo sisi wa Msambweni huiita mchunga. Nilikuwa nimechoka kwa jua, na katika maneno ya kupitisha wakati nikasema, bila kupima, kwamba hapa kweli ni nyikani. Mzee hakukasirika. Aliumega wari, akauchovya, akaula, na alipomaliza akaunyosha mkono wake upande wa machweo, akaniambia, "Nyika si hapa, mwanangu. Hapa ni mudzini. Nyika ni kule mbele, Taru."

Nilimwomba radhi, akaipokea, na mazungumzo yakaendelea. Walakini kauli ile haikunitoka. Baada ya miezi kadhaa nilipata safari ya kupita Taru, nikamuuliza mtu wa pale nyika iko wapi, kwa kuwa nilitaka kujua jibu lake. Naye, pasipo kusitasita, akanionyesha upande wa Maungu. Nikafahamu ya kuwa nyika haina mkazi. Popote palipo na jiko, kisima na kaburi la babu, pale si nyika kwa mwenye kuishi pale. Ni nyika kwa yule tu atazamaye kutoka mbali, naye aghalabu hutazama akiwa amekipa mgongo kile anachokiona kuwa ni ustaarabu, yaani bahari.

Na hata hivyo kwa muda wa zaidi ya karne moja kaumu nzima ya watu, tangu mipaka ya Tanga hata ng'ambo ya Kilifi, waliitwa kwa neno hilo: Wanyika, watu wa porini. Hawakujiita hivyo wenyewe. Mtu wa Samburu alijiita Mduruma, na wenziwe Aduruma, na lugha yake Chiduruma. Wa Diani na Msambweni alijiita Mdigo, na lugha yake Chidigo. Na kadhalika Wagiriama, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma, kila watu na kaya yao, yaani makao yao ya kale msituni, na wazee wao, na majina waliyoyarithi. Jina la Wanyika walipewa na sisi, watu wa miji ya mwambao, na kutoka vinywani mwetu likachukuliwa na wageni, likaingia katika vitabu.

Napenda kuifuata safari ya neno hilo, kwa sababu haiko peke yake duniani. Iko nchi Ulaya ya kaskazini, kando ya bahari ya Baltiki, iitwayo Latvia, ambayo wenyewe huiita Latvija, nao hujiita latvieši. Katika vitabu vya Kiingereza vya zamani, hata katika ensaiklopidia kubwa ya Britannica ya mwaka 1911, huwaoni kwa jina hilo. Utawaona wameandikwa Letts, na lugha yao Lettish. Neno hilo Waingereza hawakulipata kwa Walatvia. Walilipata kwa Wajerumani, ambao makabaila wao walikuwa wameimiliki ardhi ile na wakulima wake tangu karne ya 13, muda mfupi baada ya askofu wa Kijerumani kuuasisi mji wa Riga mwaka 1201. Na lilikuwapo jina jingine zito zaidi: katika nyaraka nyingi za kale za miji ile, mkulima wa Kilatvia na lugha yake walitajwa kwa neno la Kijerumani lenye maana ya "wasio Wajerumani", na basi. Mtu azaliwe, alime, aoe, aimbe, azeeke, afe, na muda wote huo jina lake katika daftari liwe ni tangazo la kile ambacho yeye si.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka bibi yangu, Mungu amrehemu, aliyetulea kwa upendo mwingi na adabu nyingi, na ambaye mtoto akila kwa pupa alimwambia asile kama mnyika. Hakuwa na chuki moyoni. Jirani zetu wa Kidigo aliwapelekea futari kila Ramadhani nao wakatuletea mihogo. Lakini neno alilolitumia lilikuwa na ukuta ndani yake: upande mmoja mwungwana, upande wa pili yule asiye mwungwana, na jina la huyu wa pili si jina bali ni ukosefu. Sisi tulikuwa na "wasio Wajerumani" wetu.

Ajabu iliyoje kwamba kalamu iliyoliandika neno letu vitabuni ilishikwa na Wajerumani vilevile. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huohuo akamzika mkewe. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, na wote wawili wakajenga Rabai. Waliwauliza watu wa mjini wale wa vilimani ni nani, wakajibiwa Wanyika, nao wakaandika Wanika, na lugha Kinika. Injili ya Luka kwa lugha hiyo ilipigwa chapa Bombay mwaka 1848. Rebmann alikaa Rabai hata mwaka 1875, miaka 29, pasipo kurejea Ulaya, akiyakusanya maneno mojamoja kwa watu waliomzunguka, mpaka macho yake yakapofuka. Akarudi kwao akiwa kipofu, akafariki mwaka 1876, na kamusi yao yeye na Krapf ikatoka London mwaka 1887, miaka kumi na mmoja baada ya yeye kuzikwa, ikiwa imeandikwa juu yake Nika.

Sipendi mtu anielewe kuwa namlaumu. Mtu aliyeitoa nuru ya macho yake kwa ajili ya maneno ya Rabai hastahili kwangu ila heshima, na laiti wengi katika sisi tulioishi hatua chache kutoka kwa Warabai na Waduruma tungalifanya robo ya kazi yake. Kosa la jina si lake. Yeye aliuliza, na jibu tulimpa sisi. Nalo lilikuwa kosa lenye madhara hata kwa elimu, maana lugha ile aliyoisikia Rabai ilipokwisha kuitwa Kinika, msomaji wa mbali alidhani ameipata lugha ya wote, kana kwamba Mrabai, Mduruma na Mdigo husema kwa ulimi mmoja. Mwaka 1948 mtaalamu Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na nambari, alizitia katika fungu la E70 na kuliita fungu la Nika na Taita. Hivyo neno la masengenyo ya mjini likawa istilahi ya chuo kikuu.

Na ukweli wa lugha zenyewe ni kinyume kabisa cha ukuta ule. Mduruma akisema madzi, mimi nasema maji. Akisema mudzi, nasema mji. Akisema dzina, nasema jina. Wari wake ni wali wangu, isipokuwa kwake neno limekaa juu ya sima na kwangu limehamia juu ya mchele, kwa kadiri kila mmoja alivyojaliwa chakula. Wataalamu wa leo huziweka lugha hizi zote, Kiswahili nacho kikiwamo, katika nyumba moja waliyoipa jina la mto Sabaki. Sisi tuliowaita watu wa porini tulikuwa tukisema lugha ndugu, na katika baadhi ya mambo wao ndio walioihifadhi amana kuliko sisi. Hesabu yetu ya kale ilikwenda nane, kenda, kumi. Mjini tumeiacha kenda tukaishika tisa ya Kiarabu. Katika Mombasa yalikuwako mataifa kumi na mawili ya Waswahili, matatu yakiitwa Thelatha Taifa na mengine Tisa Taifa. Wale wa kaya wakabaki na chenda yao, na siku walipotafuta jina la kujiita wote pamoja, wakalijenga juu yake.

Tena tusisahau kwamba Thelatha Taifa na Tisa Taifa hawakuishi mbali na watu wa kaya. Walikuwa na ahadi nao, koo kwa koo: Waduruma na Wadigo upande wa Thelatha Taifa, wengine upande wa Tisa Taifa. Mazao, pembe na sandarusi zilishuka, nguo na shanga zikapanda. Njaa ilipoingia bara watu wakashuka mjini, na vita vilipoingia mjini watu wakakimbilia bara, wakapokelewa. Mtu aliyekwisha kuokolewa na kaya angewezaje kumwita mwenye kaya kwa jina la pori? Lakini tulimwita.

Yeye je, alituitaje? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonitia haya kuliko zote, na sikuijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Katika lugha za kaya Mswahili huitwa Mdzomba, na Waswahili Adzomba, na neno hilo si jingine ila mjomba, wajomba.

Msomaji wa mjini atasema ni heshima ya kawaida tu, kama vile mwuza machungwa amwitavyo mteja asiyemjua. Sivyo, na hasa sivyo kwa Waduruma na Wadigo. Kwa Waduruma mtu ana nasaba mbili, ya ukulume kwa baba na ya ukuche kwa mama, wala moja haiifuti ya pili. Na kwa Wadigo wa zamani mtoto wa dada ndiye aliyekuwa mrithi, hata palipoingia sharia ya Kiislamu katika vijiji vya Kwale jambo hili likaleta mabishano marefu mbele ya makadhi na maliwali. Mjomba katika nchi ile si mgeni wa sikukuu. Ndiye mwenye ng'ombe watakaokuwa wako, ndiye atakayeulizwa ukipatwa na deni, ndiye ukoo wako umesimama kwake. Basi watu hawa walipomtazama Mswahili aliyeketi ufukoni na kanzu yake, walimpa jina zito kuliko yote waliyokuwa nayo katika hazina ya nasaba. Nasi tukawarudishia nyika.

Sina neno la kuipunguza tofauti hiyo.

Ni kweli kwamba kila jirani humpa jirani jina kwa kadiri anavyomwona. Walatvia wenyewe, ambao tumeona walivyoitwa, huiita Urusi Krievija, kwa jina la kabila moja tu la Waslavi lililokuwa karibu na mpaka wao zama za kale. Na neno letu Waswahili, tunaloliona kuwa letu tangu azali, ni sawahil ya Waarabu, yaani pwani, ambalo mzee wa Lamu alilisikia akiwa yeye anajiita Mwamu, na wa Mombasa akijiita Mmvita. Nasi pia tuliitwa na aliyetutazama kutoka jahazini. Ila kuitwa mtu wa pwani si kuitwa mtu wa pori, na yapo majina ya kupewa ambayo mtu huyavaa yakamkaa, na yapo ambayo kila akiyavaa humchoma.

Lililokuja baadaye lilikuwa jema. Katika Latvia, katika miaka ya 1850, kijana mmoja Krišjānis Valdemārs alipokuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Tartu, wakati ambapo Mlatvia aliyesoma alitazamiwa awe Mjerumani kwa lugha na kwa jina, alibandika kadi mlangoni pa chumba chake, na chini ya jina lake akaandika neno moja, latvietis, mimi ni Mlatvia. Kadi tu mlangoni. Lakini rafiki yake Krišjānis Barons aliyakusanya mashairi mafupi ya wakulima wale, yakapigwa chapa kati ya miaka ya 1894 na 1915, nayo yakapata 217,996. Na tarehe 18 Novemba 1918 nchi ikajitangaza huru kwa jina lake yenyewe. Jina la Lettish likaanza kuchakaa, na leo Mwingereza kijana akilikuta katika kitabu cha babu yake hana budi kuuliza maana.

Kwetu kadi hiyo mlangoni ilikuwa Mijikenda, yaani miji tisa, jina lile lililojengwa juu ya chenda. Katika miaka ya 1940 watu wa kaya waliokuwa wakifanya kazi Mombasa waliunda umoja, wakauita Umoja wa Mijikenda, na kwa jina hilo wakalizika la Wanyika kwa mikono yao wenyewe. Ronald Ngala, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa Pwani, alikuwa mtu wa kizazi hicho, na mwaka 1949 akatoa kwa Kiswahili kitabu chake Nchi na Desturi za Wagiriama. Angalia jinsi anavyoandika mtu aliye nyumbani: amesema nchi, hakusema nyika. Jina la Mijikenda lenyewe ni pana, na wako Waduruma ambao huona linawafunika mno, kwa kuwa simulizi zao husema kwamba ndani ya damu yao wamo Wakamba na wamo watu waliokuja kutoka Msumbiji zama za Wareno, na hivyo wapenda waitwe Aduruma tu. Wana haki. Mwaka 2008 makaya yao, Gandini na Mtswakara, pamoja na Kinondo ya Wadigo karibu na Diani na mengineyo, yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia kwa jina la misitu mitakatifu ya makaya ya Mijikenda. Na kamusi ya Chidigo iliyotoka mwaka 2004, yenye Kiingereza na Kiswahili ndani yake, ilipewa jina la Kidigo: Mgombato.

Pamoja na hayo neno halijafa. Bado naliona katika vitabu vya jiografia, ambako uwanda ulio nyuma ya pwani huitwa nyika, na hapo halina ubaya wowote, kwa kuwa ardhi haioni haya; bado nalisikia vibarazani, Diani na hata kwetu Msambweni, likisemwa na vijana ambao mama zao wenyewe ni Wadigo, na hapo lina ubaya wote. Wapo waniambiao kwamba basi vile vitabu vya kale vyenye jina hilo vitolewe makabatini. Mimi nakataa. Ndani yake wamo watu wa Rabai walioketi na mgeni miaka ishirini na tisa wakimpa maneno yao, na kuvitupa ni kuwanyamazisha mara ya pili. Lililo wajibu ni kuandika pembeni, kila vinapochapwa upya na kila mwalimu anapovifungua mbele ya wanafunzi, kwamba hawa walioitwa Wanika walikuwa Warabai, Waduruma, Wagiriama, kila mmoja kwa jina lake, na kwamba jina la juu lilitoka mjini.

Nami nakuomba wewe msomaji wa mwambao, ikiwa safari itakupitisha Samburu na jua likakuchosha, ukakaribishwa wari chini ya mti, usiseme neno nililolisema mimi. Muulize mwenyeji wako dzina lake, na la kaya yake, na la mjomba wake. Ukae umsikilize mpaka amalize, maana orodha ni ndefu, nawe huenda ukajikuta umo ndani yake.